Saa Moja Iliyopita Ni Saa Ngapi?

Mtu akikuambia kwamba mzigo uliingia dukani "saa moja iliyopita", amekuambia nini hasa? Huenda anamaanisha kwamba dakika sitini zimepita tangu mzigo uteremshwe. Huenda pia, kama ni mtu wa kusema kwa mkato, anamaanisha ile saa moja ya asubuhi, watoto walipokuwa wakielekea shuleni. Sisi binadamu tuna nafuu, kwa sababu tunaweza kumtazama msemaji usoni na kumwuliza tena. Tarakilishi haina uso. Ikishaandika "saa 1 iliyopita" kwenye skrini, imemaliza kazi yake, na mzigo wa kuelewa umebaki kwako wewe msomaji.

Jumapili hii, wasomaji wapenzi, tutaitazama ile mistari michache ya programu inayohesabu muda uliopita tangu jambo fulani litokee. Kila mwenye simu huiona kazi yake mara nyingi kwa siku: ujumbe umefika dakika 5 zilizopita, picha imewekwa siku 2 zilizopita, rafiki alionekana mara ya mwisho saa 3 zilizopita. Ni kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huiandika kabla chai haijapoa. Na ni hapo hapo wengi hujikwaa, kwa kuwa mtu huogopa mlima lakini haogopi kokoto.

KUTOA NA KUGAWA

Tuseme kuna kijana wa chuo anayeishi Eastleigh, Section Three. Mama yake anauza mashuka na vitambaa katika mojawapo ya majengo ya biashara ya First Avenue, karibu na Garissa Lodge, ile iliyokuwa nyumba ya wageni kabla ya kugeuka soko la vibanda na kuwa mfano wa majumba yote ya maduka yaliyofuata. Mama anapokea oda kutoka Kampala na Mwanza, na nyingine kutoka kwa jamaa walioko Minneapolis, London na Dubai wanaowanunulia ndugu zao hapa. Kijana amemwandikia programu ya kupanga oda hizo. Kila oda ina maneno yanayoeleza imeingia muda gani uliopita. Moyo wa programu yenyewe ni huu:

tofauti = sasa - tukio
kama tofauti ni chini ya 60, andika "sasa hivi"
kama ni chini ya 3,600, gawa kwa 60, andika dakika
kama ni chini ya 86,400, gawa kwa 3,600, andika saa
vinginevyo, gawa kwa 86,400, andika siku

Hesabu yote ni ya sekunde. Dakika ina sekunde 60, saa ina 3,600, na siku ina 86,400. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifuata. Basi kasoro iko wapi?

Hapa ndipo tunapohitaji jicho la pili. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na waandishi wa programu wameligeuza neno hilo kuwa desturi ya kazi: aliyeandika haachiwi peke yake kukagua alichoandika. Mwenzake huisoma mistari yake kabla haijaanza kutumika, na huuliza maswali. Nasi tuyaulize.

SASA YA NANI, NA TUKIO LA WAPI?

Swali la kwanza: hiyo "sasa" imetoka kwenye saa ya nani? Kama imetoka kwenye simu ya mama, na mjukuu amechezea saa ya simu hiyo akaisogeza mbele kwa dakika arobaini, kila oda itaonekana kuukuu. Akiisogeza nyuma, oda mpya itakuwa imetokea kabla haijatokea, na skrini itaandika "sasa hivi" kwa muda mrefu, au vibaya zaidi, "dakika -40 zilizopita". Dawa yake ni kutumia saa moja tu kwa pande zote mbili, yaani saa ya ile tarakilishi kuu inayotunza oda. Na tofauti ikiwa chini ya sifuri, programu ikiri kwamba kuna saa mbovu mahali fulani, isijifanye kwamba mambo ni shwari.

Swali la pili: saa hiyo ni ya mji gani? Tarakilishi nyingi zinazotunza kumbukumbu hufuata saa ya ulimwengu, ambayo ni sawa na ile ya Greenwich nchini Uingereza wakati wa majira ya baridi. Kenya iko mbele yake kwa saa 3. Sasa, kama programu imehifadhi maneno "saa 10:20" bila kusema ni 10:20 ya wapi, na simu ya Nairobi ikayasoma kana kwamba ni ya Nairobi, oda iliyoingia papo hapo itaonekana kuwa na umri wa saa 3. Kijana atapaza sauti, "Hooyo, kuna mteja anangoja kwa saa tatu!" naye mama ashtuke bure. Ukiona programu yoyote hapa kwetu inakosea kwa saa 3 kamili, usitafute mbali. Ni Greenwich hiyo.

Wenzetu wa ng'ambo wana taabu ya ziada. Kenya haibadilishi saa zake mwaka mzima, lakini Marekani na Uingereza husogeza mishale. Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 9 wakati wa baridi na saa 8 wakati wa joto. London ni saa 3, kisha saa 2. Tena, katika nchi hizo kuna siku moja kila mwaka yenye saa 23 na nyingine yenye saa 25. Kwa hiyo ule mstari unaosema siku ni sekunde 86,400 ni wa kweli hapa Eastleigh siku zote, lakini kwa jamaa wa Minneapolis ni uongo mara mbili kwa mwaka. Anayehesabu siku za kalenda kwa kugawa sekunde ataandika "siku 1" mahali pa siku 2, na mteja atadhani amecheleweshewa au amewahi.

Njia salama ni kuhifadhi kila tukio kama hesabu moja isiyojua miji. Tarakilishi nyingi huhesabu sekunde zilizopita tangu saa sita usiku ya Greenwich kuamkia Januari 1, 1970. Hapa Nairobi wakati huo ilikuwa saa tisa za usiku. Hesabu hiyo ni ile ile Dubai, Kampala na Toronto. Saa za mji huongezwa mwishoni tu, wakati wa kumwonyesha mtu.

Hata hivyo, mkaguzi atazame kipimo. Lugha nyingine za programu huhesabu kwa sekunde, na nyingine kwa milisekunde, yaani elfu moja katika sekunde moja. Ukichukua sekunde ukazisoma kama milisekunde, tukio la juzi litarudi hadi Januari 1970. Na kama tarehe ya tukio haikujazwa kabisa, ikabaki sifuri, programu itasema kwamba oda iliingia zaidi ya miaka 50 iliyopita, kabla mwenye duka hajazaliwa. Miaka hiyo hamsini na ushei ikijitokeza kwenye skrini, maana yake karibu kila mara ni moja: kuna sifuri mahali palipostahili kuwa na tarehe.

TUKIO AU HABARI YA TUKIO?

Swali la tatu ndilo husahauliwa zaidi. Tunahesabu tangu jambo litokee, au tangu habari zake zitufikie?

Eastleigh yenyewe ina kisa cha kutufundisha. Kabla uwanja wa ndege wa Embakasi haujafunguliwa mwaka 1958, ndege kubwa za abiria zilitua katika uwanja wa Eastleigh. Hapo ndipo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipotua Februari 1, 1952, akaelekea bara. Usiku wa kuamkia Februari 6, akiwa katika hoteli ya Treetops karibu na Nyeri, baba yake Mfalme George wa Sita alifariki usingizini huko Sandringham. Habari zilimfikia baada ya saa kadhaa, akiwa amekwisha kurejea Sagana. Kwa sheria za kwao, Elizabeth alikuwa malkia tangu baba yake alipokata roho, wala si tangu alipoambiwa. Kwa saa kadhaa Kenya ilikuwa na mgeni aliyekuwa malkia bila yeye mwenyewe kujua.

Sasa rudi kwenye simu. Mteja anaandika oda akiwa safarini kutoka Garissa, mahali pasipo na mtandao. Ujumbe unalala ndani ya simu yake hadi afike mjini. Ukifika dukani, programu inayohesabu tangu ujumbe kupokelewa itaandika "sasa hivi", ilhali mteja amekwisha kungoja saa nne na ameanza kununa. Si lazima njia moja iwe sahihi na nyingine mbaya. Lililo lazima ni kwamba mwandishi aamue, na maneno kwenye skrini yaseme alichoamua: "imeandikwa saa 4 zilizopita" au "imepokelewa sasa hivi". Mkaguzi akikuta neno "tukio" tupu, aulize ni tukio lipi.

KUKATA AU KUKADIRIA

Swali la nne linahusu mabaki. Dakika 119 ni saa ngapi? Ukikata mabaki utapata saa 1. Ukikadiria kwa kwenda kwenye namba iliyo karibu, utapata saa 2. Kwa ujumbe wa salamu haidhuru. Lakini hebu tutoke dukani twende nyumbani.

Tuseme mama ana programu ya kumkumbusha dawa ya mtoto mwenye homa. Dawa ya paracetamol hutolewa kwa kuacha muda usiopungua saa 4 kati ya kipimo kimoja na kingine. Mtoto alikunywa saa 3 na dakika 35 zilizopita. Programu ya kukadiria itaandika "saa 4 zilizopita", na mama mwenye usingizi atafungua chupa mapema mno. Hapo ni lazima kukata mabaki, ili programu isitaje saa 4 mpaka ziwe zimetimia.

Lakini tazama upande wa pili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe mezani bila ubaridi zaidi ya saa 2. Mchele na nyama vilivyokaa saa 2 na dakika 50, programu ya kukata itasema "saa 2 zilizopita", nawe utapakua bila wasiwasi. Hapo kukata ndiko kunakodanganya.

Basi hakuna kanuni moja kwa kila kazi. Mwandishi ajiulize: nikikosea, ni heri nikosee upande gani? Bora zaidi, mahali palipo na hatari asikate wala asikadirie, aandike saa na dakika zote mbili.

KISWAHILI NACHO KINA SHERIA ZAKE

Swali la tano ni la lugha, na hapa vijana wetu wengi hushindwa kwa sababu wamefasiri programu za Kizungu neno kwa neno. Kwa Kizungu, mwisho ni ule ule kwa kila kipimo. Kwa Kiswahili, ngeli haina huruma. Tunasema dakika moja iliyopita, lakini dakika mbili zilizopita. Saa, siku na wiki hufuata mkondo huo. Ukifika kwenye mwezi, mambo yanageuka: mwezi mmoja uliopita, miezi mitatu iliyopita. Mwaka ni hivyo hivyo: mwaka mmoja uliopita, miaka miwili iliyopita. Anayebandika "zilizopita" kila mahali ataandika "miezi 3 zilizopita", na mwalimu wa Kiswahili atakunja uso kabla hajafika kwenye hesabu.

Tena kuna maana. "Mwezi uliopita" bila namba si siku thelathini. Tarehe 2 Machi, jambo la tarehe 27 Februari lilitokea mwezi uliopita, ingawa ni siku chache tu. Na "saa 1 iliyopita" tumeona inavyoweza kuchanganywa na saa moja ya asubuhi, ambayo simu huiandika 7:00. Majirani zetu Waethiopia, ambao ni wengi hapa Eastleigh, nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi, na kalenda yao ina miezi 13. Na kwa Muislamu siku mpya huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa mmoja ni Alhamisi jioni kwa mwingine. Programu ikitaka kusema "jana usiku", iende taratibu.

Katika mtaa wenye mchanganyiko kama huu, ushauri wangu ni mfupi: taja muda uliopita, kisha weka tarehe na saa kamili kando yake. Tazama ujumbe wa M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007. Hausemi "dakika 3 zilizopita". Unataja tarehe na saa ya malipo. Maneno "dakika 3 zilizopita" huchakaa: ukipiga picha ya skrini na kumtumia mtu baada ya wiki, bado yatasema dakika 3. Mfanyabiashara akionyeshwa picha kama hiyo kuwa ushahidi wa malipo, asifungue mlango wa stoo. Tarehe haichakai.

SEHEMU YA TATU YA SEKUNDE

Huenda msomaji anasema, haya ni mambo ya mashuka na miamala, mbona tunayakuza? Basi tukumbuke Dhahran, Saudi Arabia, Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba. Jeshi la Marekani lilikuwa na mitambo ya Patriot ya kutungua makombora. Mtambo ulihesabu muda tangu uwashwe, kwa sehemu za kumi za sekunde. Ajabu ni kwamba moja ya kumi, ambayo sisi huiandika kirahisi 0.1, haiandikiki kwa ukamilifu katika namba za tarakilishi, kama vile theluthi isivyokwisha ukiiandika 0.333. Kila mara kipande kidogo mno kilikatwa. Mtambo wa Dhahran ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na vile vipande vilijumlika vikawa kama theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo kombora la Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulilitafuta kombora mahali ambapo halikuwa, halikutunguliwa, likaangukia kambi na kuua wanajeshi 28. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Kosa halikuwa la hesabu ngumu. Lilikuwa la kuhesabu muda uliopita. Wala halingeonekana kwa kujaribu mtambo dakika kumi. Lilihitaji mtu aulize: na ukiwashwa siku nne je?

Swali hilo hilo linatungojea mbele. Mifumo ya zamani inayohifadhi sekunde katika nafasi ndogo itajaa ikifika sekunde 2,147,483,647. Hapa Kenya itakuwa Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Mfumo ambao haujarekebishwa utaruka kurudi mwaka 1901. Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu leo ndio watakaokuwa kazini asubuhi hiyo.

ZOEZI LA WIKI

Kwa wanafunzi, chukueni ile mistari mitano ya juu muilishe namba hizi moja baada ya nyingine: 0, 1, 59, 60, 61, 3,599, 3,600, 86,399, 86,400, na mwishowe -5. Andikeni pembeni mnachotarajia kabla ya kuitazama jibu. Makosa hupenda kukaa mipakani, mahali kitu kimoja kinapokwisha na kingine kuanza. Kisha badilishaneni kazi na mwenzako akague yako. Msikasirike akiona kitu. Huyo amekuokoa na aibu ya dukani.

Kwa wazazi, mnapoona "dakika 5 zilizopita" kwenye simu, jiulizeni mambo mawili: tangu nini, na kwa saa ya nani? Na ikiwa ni dawa ya mtoto, andikeni saa halisi kwenye karatasi, ibandikwe mlangoni pa kabati. Karatasi haikadirii.

Hadi Jumapili ijayo, kila la heri.